Mwenyewe Yuko Mbali

Meli Solveig, bandari ya Aden
9 Oktoba 1956

Dada Mashavu,

Salaam nyingi. Barua yako ya Septemba nimeipata hapa Aden, imepigwa mihuri kila pembe. Niliifungua chini mashineni. Fundi wetu Mnorwe aliiona ile hati ya Kiarabu aliyotufundisha baba, akauliza kama ni hirizi ya kuzuia meli isizame. Nikamwambia ndiyo. Tangu siku hiyo ananigawia kahawa yake.

Mimi ni mzima. Kazi yangu ni ileile, kupaka mafuta vyuma vinavyozunguka ili viendelee kuzunguka. Huku chini kuna joto la kumtoa mtu jasho hata kwenye kucha. Kesho tunaondoka kwenda bandari mbili za Bahari ya Shamu, halafu tupite Suez, halafu Ulaya. Watu wa hapa wanasema vita vinanukia huko mbele. Serahangi, mkubwa wetu sisi mabaharia tuliotoka Mombasa, anasema vita ni vya wenye serikali, sisi ni wa mafuta tu.

Sasa shamba. Umeandika kwamba mafuriko ya masika yamehamisha mto, na malka ya Waorma, ile njia yao ya kushushia ng'ombe majini, sasa inaishia topeni. Umeandika kwamba Mzee Dabaso amekuja kuomba ng'ombe wake wapite shambani kwetu, kwa kuwa ndilo linalogusa mto mpya.

Jibu langu ni hapana. Najua alikuwa rafiki wa baba. Najua utotoni nilikunywa maziwa ya kwake zaidi ya uji wa kwetu. Lakini malka ikishafunguliwa haifungwi tena. Leo watapita kwa mwezi mmoja, kesho itakuwa njia ya wajukuu zao. Mimi nina kipande hicho kimoja tu duniani, na nikichoka na meli ndipo nitakapojenga. Na kawaida ya kwetu unaijua: ua hukatwa na mwenye shamba kwa mkono wake, na kama hayupo, hukatwa na yule aliyekabidhiwa panga lake. Panga la baba liko palepale kwenye paa, upande wa mlango. Libaki hapo.

Mzee akija tena usibishane naye. Mwambie hivi tu: mwenyewe yuko mbali, ngojeni.

Nisalimie Mwanaarusi. Mwambie harusi yake nitaiwahi.

Nduguyo,
Komora Mohamed


Ng'ambo ya mto, Garsen
2 Novemba 1956

Komora mdogo wangu,

Nakuandikia mkono mmoja umeshika kalamu na mwingine unafukuza ndege, kwa hiyo ukiona mstari umepinda usidhani nimezeeka.

Sote wazima, isipokuwa mvua. Vuli ilinyesha siku mbili, ikaona haya, ikaenda zake. Nimepanda mpunga kule chini ukingoni, kwenye unyevu, na umeota vizuri, mashallah. Mpunga huo ndio harusi ya Mwanaarusi, nakwambia mapema usije ukasema hukujua. Wakwe wanataka watu wale washibe, na harusi lazima iwe Machi, Ramadhani haijaingia. Tangu baba yake aniache sina wa kunishika mkono ila wewe na shamba lako. Bila mpunga huu binti yangu ataolewa kwa uji, nami nitazikwa kwa aibu.

Mzee Dabaso alikuja Ijumaa. Nilimpa neno lako kama ulivyoliandika, sikupunguza wala sikuongeza: mwenyewe yuko mbali, ngojeni. Chai nilikuwa nimemwekea mbele yake, sukari vijiko vitatu kama apendavyo. Hakuigusa. Akasema "Haya," akachukua fimbo yake, akaondoka. Mimi, nikuambie ukweli, nilifurahi kwamba umekataa. Ng'ombe wakipita, wanapita katikati ya mpunga wangu, hakuna pengine. Ungesema ndiyo, ningelia mpaka ukasikia huko Aden.

Watu kwa miguu wanapita kama zamani, hao sikuwazuia. Mkewe Mumina hupita hapa asubuhi na jioni na debe mgongoni, aende arudi, aende arudi. Nyumba ya wazee wawili, madebe manne kwa siku! Sijui wanaoga mara ngapi. Namsalimu, ananisalimu, basi, yamekwisha.

Jana nilivuka kwenda dukani Garsen. Nzai, yule karani anayetushikia barua, ana redio sasa, na amekuwa mtangazaji. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya hatibu wa Ijumaa kwamba Suez kunapigwa mabomu. Nikamwuliza, Suez ni mbali na Aden? Akasema, kwa meli si mbali hata kidogo. Loo, Komora, nilikaa chini palepale kwenye magunia ya watu. Andika upesi. Hata mstari mmoja.

Dada yako,
Mashavu


Meli Solveig, ndani ya mfereji wa Suez
25 Novemba 1956

Dada Mashavu,

Mstari mmoja: niko hai. Ukitaka na mingine, ni hii.

Tuliingia mferejini mwisho wa Oktoba, meli nyingi, moja nyuma ya mwenzake. Katikati ya mfereji kuna ziwa kubwa liitwalo Ziwa Chungu, na aliyelipa jina hakukosea, maji yake ni chumvi tupu. Hapo tukaambiwa simameni. Kisha ndege zikaja. Zilikuwa zikipiga kiwanja cha ndege upande wa pili, si sisi, ila bomu halisomi jina la meli kwanza. Mimi nilikuwa chini mashineni. Ukiwa chini huoni kitu. Unasikia tu chuma kinagongwa kama mtu anapiga hodi kwa hasira na wewe huna mlango wa kufungua. Vioo vya jikoni vilipasuka, mpishi akakatwa mkono, ameshonwa. Kwetu hakufa mtu. Meli iliyokuwa mbele yetu walikufa wawili. Niliwaona wakishushwa kwenye boti wamefunikwa turubai.

Halafu meli zikazamishwa kwa makusudi huko mbele na huko nyuma, mfereji ukazibwa. Hatuwezi kwenda wala kurudi. Mabomu yamekoma, sisi tumebaki. Tuko meli kadhaa ziwani tunatazamana. Kazi haijapungua: kila asubuhi nashuka kupaka mafuta mashine isiyozunguka, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa ubaoni.

Maji ya kunywa huletwa na boti na kupimwa kwa kikombe. Vikombe vitatu kwa siku, chai ikiwemo. Kuoga ni kwa maji ya ziwa, ukikauka unakuwa mweupe kama umepakwa unga.

Kuhusu Mzee Dabaso sina la kuongeza. Kama hakunywa chai, hiyo ni shauri yake.

Barua uendelee kuzipeleka kwa wakala wa meli, Mombasa. Wao wanajua njia ya kuzifikisha, japo zinafika zimefunguliwa na kila mwenye kidole.

Nduguyo,
Komora


Dukani, Garsen
20 Desemba 1956

Kwa Komora, mtoto wa Mwalimu Mohamed.

Mimi Dabaso. Anaandika Nzai. Nimemwambia aandike vile mimi nasema, asitie maua yake.

Nasikia uko ndani ya vita. Nasikia maji mnapewa kwa kikombe, dada yako alimwambia Mumina. Mimi najua kiu. Nimechinja kondoo, wazee wamekuombea kwa Mungu urudi. Nyama tumekula sisi. Wewe samehe.

Jambo la njia sisemi tena. Niliomba, ulijibu. Mtu amejibu, amejibu.

Habari za huku nakupa kwa sababu wewe ni mtoto wa nyumbani. Mvua hakuna. Malka ya zamani ni tope. Ng'ombe anaona maji kidogo katikati, anaingia, ananasa. Tunavuta kwa kamba. Mwingine anatoka, mwingine hapana. Malka nyingine iko mwendo wa siku mbili. Ng'ombe wenye nguvu amekwenda nao Wario, mwanangu. Wanyonge na wenye ndama wamebaki na mimi. Kutoka boma langu mpaka ua wako ni hatua mia tatu. Jioni wanakwenda kusimama pale kwenye miiba. Wananusa maji. Mimi nakwenda nawarudisha.

Wario alisema akate ua. Nilimwambia, ukikata, wewe si mwanangu. Ua una mwenyewe.

Rudi salama. Ukirudi, njoo kwangu kwanza, kabla hujakwenda kwa mtu mwingine. Nina amana ya baba yako.

Dabaso

(Mimi Nzai nilitaka kumalizia kwa heshima na taadhima, mzee akakataa. Basi heshima na taadhima hizi ni zangu mwenyewe.)


Meli Solveig, Ziwa Chungu
14 Januari 1957

Dada Mashavu,

Barua hii isome mara mbili.

Upande wa magharibi wa ziwa hili kuna mfereji mdogo wa maji matamu yanayotoka mto Nili. Tunaiona miti yake tukiwa juu ya meli, mibichi kabisa. Wiki iliyopita boti ya maji iliharibika, vikombe vitatu vikawa kimoja. Nahodha akatutuma watu sita na mapipa twende pwani tukaombe kuchota. Nilichaguliwa kwa sababu ya Kiarabu changu cha chuoni. Pale tulimkuta askari mwenye masharubu, mtu mpole, aliitikia salamu yangu yote mpaka mwisho, akaniita ndugu yangu. Nikamwambia hatutaki kitu ila maji. Akasema anaelewa. Akasema ingekuwa shauri lake angetushikia mapipa. Lakini ruhusa si yake.

"Mwenyewe yuko mbali," akaniambia. "Ngojeni."

Nikaangua kicheko. Wenzangu walidhani jua limenipanda kichwani.

Tulikaa chini pale tangu asubuhi mpaka alasiri. Maji yalikuwa umbali wa kutoka mlangoni kwako mpaka zizi la mbuzi. Yalikuwa yakipita, nayasikia. Punda wa mtu alikuja, akanywa, akaondoka. Sisi tukarudi melini na mapipa matupu. Boti ilitengenezwa siku ya pili, hatukufa. Lakini barua ya Mzee Dabaso ilikuwa mfukoni mwangu siku hiyo, na nilipoisoma tena niliona haya, na naona haya hata sasa ninapoandika. Mzee yule anakwenda kila jioni kuwarudisha ng'ombe kutoka kwenye ua wangu.

Kwa hiyo fanya hivi. Shusha panga la baba. Mwite Mzee Jilo, mkubwa wa kijiji, awe shahidi. Mkabidhi Mzee Dabaso panga hilo mkononi, akate ua pale penye mti wa mkoma, apite na ng'ombe wake mpaka mtoni. Asingoje nirudi. Wala usimtake ahadi ya kufunga baadaye.

Najua mpunga wako uko katikati ya njia. Najua ni wa harusi. Mchele wa harusi nitaununua mimi Mombasa, wote, neno langu hilo. Lakini usingoje. Siku utakayoipata barua hii, siku hiyohiyo, dada.

Nduguyo,
Komora


Ng'ambo ya mto, Garsen
16 Februari 1957

Komora mdogo wangu,

Mbona kimya? Tangu ile ya Novemba hatujaona mstari wako. Au ndivyo mabaharia walivyo, wakifungiwa na vita wanasahau waliowabeba mgongoni?

Huku jua ni kali. Mpunga umeshatoa masuke, umeinama, ukiuona utasema umechorwa. Nalala nao na kuamka nao. Mwanaarusi anashona, anaimba, haambiliki. Kwa wiki tatu hivi tutavuna, halafu harusi, halafu Ramadhani, halafu Mungu atupe mvua.

Mzee Dabaso sijamwona siku nyingi. Mumina ndiye huyo anapita na madebe yake. Amekonda. Namwambia pumzika, anasema atapumzika akirudi.

Sina jipya. Ukipata nafasi andika.

Dada yako,
Mashavu


Dukani, Garsen
1 Machi 1957

Kwa Komora, mtoto wa Mwalimu Mohamed.

Mimi Dabaso.

Nakuuliza hali. Redio inasema vita vimekwisha, mnatolewa. Al-hamdulillahi.

Mimi niko. Mumina yuko. Wario amerudi kutoka malka ya juu, wengine walikufa njiani. Hapa topeni wamekufa wengi. Sasa fisi hawana njaa. Usisikitike, ng'ombe anakufa, mtu anabaki.

Usisahau neno langu. Njoo kwangu kwanza.

Dabaso

(Mzee ametoka nje kufunga kiatu. Mimi Nzai naongeza haya kwa jukumu langu. Barua yako yenye stempu ya Misri nilimpa dada yako Mashavu kwa mkono wangu tarehe 5 Februari. Aliisoma papa hapa amesimama, akaikunja, akaitia kifuani, akavuka. Namjua Mzee Jilo, nilimwuliza kama kuna neno lolote la ua, akasema hajaitwa. Sijui ulichoandika, lakini niliuona uso wake akisoma. Mzee Dabaso nilimweleza, akaniambia hilo nisikuandikie, mwanamke ana mpunga na binti wa kuoza, aachwe. Yeye hajui kusoma. Mimi ninajua kuandika. Nisamehe.)


Meli Solveig, Ziwa Chungu
24 Machi 1957

Mashavu,

Nzai ameniandikia. Barua yangu uliipokea tarehe tano Februari ukaisoma umesimama. Tarehe kumi na sita ukaniandikia mbona kimya.

Nina swali moja. Panga liko wapi?

Meli zilizozamishwa zimeinuliwa. Wiki hii tunatoka. Jibu kwa wakala, Mombasa.

Komora


Ng'ambo ya mto, Garsen
14 Aprili 1957

Komora,

Nakuandikia nimefunga. Kiu ya Ramadhani inanisuta, na ni haki yangu nisutwe.

Barua niliipata tarehe ileile aliyokuambia Nzai. Niliisoma mara mbili kama ulivyotaka, mara ya pili nikiwa katikati ya mto, ndani ya mtumbwi, nusura nigonge kisiki. Nilipofika shambani nikautazama mpunga. Ulikuwa bado mwezi mmoja. Mwezi mmoja tu, nikasema. Wewe uliniahidi mchele wa Mombasa, lakini Komora, ahadi hiyo ilikuwa mdomoni mwa mtu aliyefungiwa ziwani. Ningewaambia nini wakwe? Ngojeni, pilau iko Misri? Nikaitia barua yako chini ya mkeka wangu. Nikakuandikia mbona kimya. Ndiyo, mimi. Wala shetani sitamsingizia, alikuwa na shughuli zake.

Gunia la mwisho liliingia ndani tarehe nane Machi. Tarehe tisa nikashusha panga, nikamwita Mzee Jilo, tukaenda kwa Mzee Dabaso. Nikasema, barua ya Komora imefika jana, anasema mkate ua. Akalipokea panga kwa mikono miwili. Akalitazama, akanitazama mimi.

"Barua imechoka njiani," akasema.

Basi. Nikajua anajua, naye akajua kwamba nimejua. Mzee Jilo alikuwa anatafuta ugoro wake.

Akakata penye mkoma, taratibu, miiba akiiweka kando kwa mpango, utadhani atairudishia. Ng'ombe wakaja. Wakapita juu ya mabua ya mpunga wangu uliovunwa, hawakumharibia mtu kitu. Niliwahesabu. Nilifika kumi na mmoja nikatulia, nangoja wengine wafike. Hapakuwa na wengine, Komora. Baba alipokuwa hai lile zizi ulikuwa huwezi kuliona mwisho.

Nyuma kabisa akaja Mumina anamvuta mtamba mweupe kwa kamba. Wale wengine unaweza kuwahesabu mbavu, huyu ngozi inang'aa. Nikauliza, na mimi na mdomo wangu, "Huyu amekula wapi?" Mumina akasema, "Hakula. Amekunywa. Huyu hakwenda topeni hata siku moja. Nilimletea maji zizini."

Madebe manne kwa siku. Nikakuandikia wanaoga mara ngapi, unakumbuka?

Hapo ndipo Mzee Dabaso akasema. Ulipozaliwa, baba alimpa mtamba mmoja amtunzie kwa jina lako, asikuambie mpaka siku utakapooa. Yule alizaa, na watoto wake wakazaa, walikuwa saba. Tope limechukua sita pamoja na ng'ombe wake mwenyewe. Huyu ndiye aliyebaki, ndiyo ile amana. Nikamwuliza kwa nini hukutuambia, Komora angejua ni ng'ombe wake mwenyewe angekata ua siku ya kwanza. Akanijibu kwamba hapo angekuwa anakushika mkono na kukukatisha ua kwa nguvu. Kisha akasema, "Wangu wakifa ni wangu. Huyu si wangu."

Kwa hiyo siku thelathini na mbili barua yako ikiwa chini ya mkeka wangu, mwanamke yule alipita mlangoni pangu akimbebea maji ng'ombe wako, akanisalimu, nikamsalimu. Nimelia sana. Nalia na sasa, wino huu ulioenea ndio huo.

Harusi ilikuwa. Watu walikula wakashiba wakachukua na vifurushi vya kupeleka kwao. Mimi ule wali sikuuonja. Mzee Dabaso alikuja, akakaa mkekani na wazee. Nilimpelekea chai yenye sukari vijiko vitatu. Aliinywa yote.

Panga nimelirudisha kwenye paa. Ua uko wazi. Shamba ni lako, na ukisema niondoke nitaondoka, sitakuwa na neno.

Mashavu


Dukani, Garsen
6 Mei 1957

Dada Mashavu,

Nimefika. Barua yako niliipata Kilindini, nikakaa nayo siku nne sijui nifanye nini nayo.

Niko dukani kwa Nzai. Mto umejaa, kivuko kimesimamishwa, kamba yake imekatwa na maji. Mwenye mtumbwi mdogo amekubali kuvusha barua hii, hakubali kuvusha baharia na mizigo. Kutoka hapa ninaliona paa la nyumba yako. Naona na mtu anaanika nguo, nadhani ni wewe.

Sitakuambia kwamba sina hasira. Ninayo. Nimetoka nayo Suez na haijapungua uzito. Ng'ombe wale hawarudi. Lakini hapana ya kwanza ilikuwa yangu, si yako, niliiandika mwenyewe nikinywa kahawa ya watu, na ng'ombe walianza kufa kwa barua ile kabla wewe hujaficha ya pili. Huko ziwani nilikuwa na nafasi kubwa ya kulifikiri hilo. Shambani hutoki.

Nimeleta gunia la mchele kutoka Mombasa. Najua harusi imepita. Nilisema nitaleta.

Maji yakitulia kidogo, toa mtumbwi wa baba uje unichukue. Njoo mwenyewe, usimtume mtu, wewe unajua kupiga pondo kuliko mimi, na mimi nimezoea meli za watu. Hatutakwenda nyumbani. Mzee Dabaso aliniambia nianze kwake, na nitaanza kwake, nawe utakuwa mbele yangu. Mtamba nitamwomba abaki naye, azae zizini kwake, ndama wake wawe wa Mzee. Ua hautafungwa. Hayo nitayasema mimi.

La kwako ni moja. Utamwambia Mzee, kwa mdomo wako, Mumina akiwepo, kwamba barua haikuchoka njiani.

Nakungoja hapa ukingoni, nimekalia gunia.

Nduguyo,
Komora